Kura Asiyoipiga Heledd

Jumatano ile, siku moja kabla ya kikao cha Baraza la Chuo, Profesa Heledd Rhydderch alipanda ngazi za jengo la Jiolojia huku moyo ukimdunda kama msichana anayekwenda kuonana na mchumba wake kwa siri. Naye alikuwa na miaka arobaini na sita. Koti lilikuwa limelowa mabegani, maana mvua ya Aberhalen ikishaanza Oktoba haina adabu. Humfuata mtu hadi ndani ya mlango.

Dakta Tudur Penry alikuwa peke yake katika chumba cha mawe. Alisikia hatua zake lakini hakugeuka. Miaka mitatu yote alikuwa akigeuka kabla Heledd hajafika mlangoni, na yale macho yake ya kijivu yalimpokea kabla ya mikono. Leo aliendelea kupanga vipande vya mawe kwenye droo, kimoja kimoja, kama mtu anayekunja nguo za marehemu.

"Umekuja kuniambia," alisema.

"Nimekuja nikuambie mwenyewe, usije ukasikia kwa watu."

"Basi sema."

Heledd alisema. Kesho asubuhi, jambo la Jiolojia litakapofikiwa, atasimama mbele ya Baraza, ataeleza uhusiano wake na yeye, kisha atatoka nje. Hatachangia neno wala hatapiga kura.

Tudur alifunga droo. Hapo ndipo alipogeuka, na Heledd akatamani asingegeuka.

Kwa mtu wa nje lilikuwa jambo dogo, la mwalimu kutoka kikaoni. Kwa wawili hawa lilikuwa kisu. Heledd, binti wa tarishi kutoka kijiji cha wachimba mawe huko kaskazini, alifika Aberhalen mwaka 1974, chuo kikiwa bado kichanga, hakijafikisha hata wanafunzi elfu moja. Walimpa wanafunzi tisa wa sheria na chumba juu ya duka la mikate. Alifundisha sheria ya mikataba katikati ya harufu ya mikate mipya, na ikifika saa nne vijana walikuwa hawasikii tena mikataba, wanasikia matumbo yao. Wote tisa walifaulu. Mwaka wa tatu alimwona mchungaji mmoja mzee wa kondoo akishindwa kesi kwa sababu tu hakuelewa swali aliloulizwa kwa Kiingereza, akarudi nyumbani akaanza kuandika kijitabu cha maneno ya mahakamani kwa Kiwelisi, lugha ya watu wa kule. Kijitabu kile kikawa kitabu, na kitabu kikamletea jina. Sasa Kitivo cha Sheria kilikuwa na wanafunzi mia nne na kumi na wawili, yeye ndiye mkuu wake, na hapakuwa na pa kuwaweka. Asubuhi walisomea katika ukumbi wa sinema, wakiwa wamekaa juu ya maganda ya karanga ya jana.

Ni yeye aliyeandika ombi la jengo kubwa. Lakini si yeye aliyelichagua jengo lenyewe. Kamati ya mipango ililichagua wakati wa likizo ya kiangazi: litolewe jengo la Jiolojia, na idara hiyo yenye walimu wanne na wanafunzi thelathini na mmoja ifungwe. Heledd aliliona jina la idara ya Tudur kwenye karatasi iliyokwisha kuchapwa. Na katika kikao hicho hicho cha kesho, Baraza lilikuwa limthibitishe yeye kuwa naibu wa Makamu Mkuu wa Chuo, mwanamke wa kwanza kushika nafasi hiyo.

"Baraza lina watu kumi na sita," Tudur alisema. Sauti yake ilikuwa tulivu, na utulivu ule ulimtisha Heledd kuliko kelele. "Nimewahesabu mpaka nimechoka. Wanane wanataka tufungwe. Saba hawataki. Wewe ni wa nane wetu. Kura zikilingana hoja inaanguka. Hiyo kanuni si uliiandika mwenyewe?"

"Niliiandika."

"Basi kaa kwenye kiti chako, nyoosha mkono, ushushe. Hakuna mtu anayejua habari zetu."

"Mimi ninajua, Tudur."

"Aa, wewe na dhamiri yako." Alicheka bila furaha. "Walimu wanne, Heledd. Yule Gwyn ana watoto wadogo. Mimi nina miaka hamsini na mmoja, ninajua mawe tu. Mkono mmoja ungetutosha."

"Ungekuwa mtu baki ningekaa pale nikasema mpaka sauti ikauke. Lakini nikilitazama jengo hili, sijui tena ninaona nini. Sijui kama ninaona idara au ninakuona wewe. Mtu asiyejua anatazama nini hapaswi kuamua."

"Mahakamani maneno hayo yanapendeza sana."

Heledd aliinamisha uso. Alitaka kumgusa mkono, ule mkono wenye makovu madogo ya nyundo, lakini aliona jinsi alivyoukunja.

Kisha Tudur akalitaja lile ambalo wote wawili walikuwa wakilizunguka. "Na Mam Morfydd je? Keshokutwa atasikia kwa mwuza nyama. Umewahi kufikiria uso wake?"

Alikuwa amefikiria. Morfydd Vaughan, bibi wa miaka sabini na tisa, hakuwa mama mzazi wa Tudur. Alikuwa mama wa Nesta, marehemu mkewe. Na Nesta alikuwa rafiki wa kwanza wa Heledd mjini pale, mpiga kinanda wa kanisani, ndiye aliyemwokota mwalimu mgeni aliyekondeana akampeleka kwao kila Jumapili kula nyama ya kondoo na viazi. Nesta aliugua, akafariki. Siku ya maziko yake, mbele ya ukoo mzima, Morfydd alisema kwamba maadamu yeye yu hai hakuna mwanamke mwingine atakayeingia nyumba ile kuwa mke. Tudur alibaki akiishi na mkwewe, akimpashia moto chumba na kumsomea gazeti, na hakuwa tayari kumwacha.

Mapenzi yalikuja miaka mitatu baadaye bila kuitwa. Tudur na Heledd walikuwa wakirudi makaburini kupeleka maua, njia ikawa na utelezi, mikono yao ikashikana, na walipofika penye lami hakuna aliyeuondoa wake. Tangu siku hiyo Heledd aliacha kwenda nyumba ile. Angemtazamaje yule mama machoni?

"Nimekuomba kitu kimoja tu," Tudur alisema. "Kunyamaza."

"Nimenyamaza. Nimekula Krismasi tatu peke yangu, na redio. Nimekupita koridoni mara ngapi nikikuita Dakta Penry kama vile sijui hata unavyokunywa chai? Sikulalamika. Ila kukunyamazia moyoni ni jambo moja, na kunyamaza mbele ya Baraza huku mkono uko juu ni jambo jingine. Huko ni kudanganya."

"Sheria unaipenda kuliko unavyonipenda mimi."

Mvua ilikuwa ikipiga madirisha. Machozi yalimlengalenga Heledd, akayazuia.

"Nikidanganya kwa ajili yako kesho," alisema polepole, "keshokutwa utanitazama na kujiuliza ninaweza kudanganya nini kingine."

Tudur alimtazama. Katika macho yale kulikuwa na kila kitu: mapenzi, uchovu, na hasira ya mtu aliyekaribia kuokolewa. Kisha akaigeukia tena droo.

"Ukitoka kwenye chumba kile kesho," alisema, "humu usije tena."

Heledd alishuka ngazi akishika ukuta.

Kesho yake, saa nne kasoro, Makamu Mkuu wa Chuo, Profesa Wynford Scourfield, alimvuta pembeni. Heledd alikuwa amemweleza kila kitu asubuhi ile. Mzee yule alimpenda kama mdogo wake, akamshauri aseme tu kwamba ana sababu binafsi, atoke, basi. Watu watadhani ni kwa ajili ya Kitivo cha Sheria. Hakuna haja ya kutaja jina la mtu. Heledd alimshukuru. Alilitafakari shauri lile mpaka alipokaa kitini. Lilikuwa tamu, na si uongo mtupu. Lakini kanuni ilisema mjumbe aeleze sababu yake ni ipi, na yeye alikuwa ameweka neno lile "ipi" kwa makusudi, miaka tisa nyuma, baada ya kuona watu wakijificha nyuma ya sababu binafsi.

Mwenyekiti, Bwana Alun Gethin, mfanyabiashara wa mbao aliyestaafu, alilitaja jambo la Jiolojia. Heledd akasimama.

"Mwenyekiti, nina sababu mbili za kutoka," alisema. "Ya kwanza mnaijua: jengo likichukuliwa, ni kitivo changu kitakachoingia. Ya pili hamuijui. Mimi na Dakta Tudur Penry, mkuu wa idara hii, tunapendana. Ni mwaka wa tatu sasa. Kwa hiyo siwezi kuchangia wala kupiga kura. Na kama mnaona nilipaswa kulisema hili mapema, kabla hamjaleta jina langu kwa ajili ya unaibu, mko sahihi, na mnaweza kulijadili nikiwa nje."

Mtu mmoja alikohoa. Bibi Buddug Hopkin, mwakilishi wa shule za wilaya, mwanamke mkali asiyecheka ovyo, aliinuka akamfungulia mlango.

Koridoni kulikuwa na benchi. Heledd alikaa, mikono mapajani. Kwanza alihisi wepesi wa ajabu, kama mtu aliyetua mzigo wa kuni. Jina la Tudur lilikuwa limetoka kinywani mwake mbele ya watu, kwa mara ya kwanza, na dunia haikuanguka. Kisha hofu ikamjia. Alimwona Tudur kwenye ngazi, amebeba maboksi ya mawe. Alimwona Nesta kwenye kinanda, akigeuza shingo kumtafuta yeye kati ya waimbaji. Akajiuliza kama marehemu huwa wanasamehe, au hilo ni jambo la walio hai peke yao.

Zilipita dakika arobaini. Karani wa Baraza alitoka, akakaa kando yake badala ya kusimama. Heledd akajua.

"Nane kwa saba," karani alisema. "Inafungwa." Akakunja karatasi yake. "Na unaibu umepita. Kura moja tu ilikukataa."

Habari mbili katika pumzi moja. Heledd alirudi ndani, akapewa mikono, akasema asante. Bwana Gethin alimwambia kwamba katika miaka kumi na moja ya uenyekiti hajaona mtu akijitia hasara namna ile akiwa amesimama wima. Hakulihisi kama sifa.

Mchana ule aliandika barua mbili. Ya kwanza ilimwomba Makamu Mkuu asimhusishe na jambo lolote la Jiolojia, si la mshahara wa mtu wala la kiti. Ya pili ilihusu kitivo chake mwenyewe, na hapo alikuwa na mamlaka kamili: Sheria haitaingia katika jengo lile mpaka mwanafunzi wa mwisho kati ya wale thelathini na mmoja amalize shahada yake humo humo. Walimu wake walinung'unika. Miaka miwili zaidi ya ukumbi wa sinema! Aliwaambia yeye atafundisha vipindi vya asubuhi kabisa, ambavyo hakuna aliyevitaka, na mnung'uniko ukapungua.

Mji mzima ulijua kabla ya jioni. Wanafunzi walimpisha koridoni kwa heshima mpya iliyochanganyika na tabasamu. Mwuza magazeti alimwangalia kuliko kawaida. Tudur hakumtafuta. Siku ya nne walikutana mlangoni mwa maktaba, alikuwa hajanyoa. Walitazamana, na Heledd aliona midomo yake ikifunguka, ikitaka kusema neno. Kisha akainamisha kichwa akapita, na harufu ya koti lake la sufu ikabaki hewani, ikamtesa mpaka jioni.

Siku ya kumi, Jumamosi, simu ililia.

"Heledd." Ilikuwa sauti kavu ya kizee. "Kesho saa tisa. Uje."

Simu ikakatwa.

Jumapili ile alibadilisha blauzi mara mbili. Alijitayarisha kutukanwa, na aliona ni haki yake. Morfydd alimfungulia mlango mwenyewe, akiegemea fimbo, akamwongoza sebuleni bila salamu. Hapakuwa na chai mezani. Katika nyumba za kule, meza bila chai ni hukumu.

"Kaa," bibi alisema. Heledd akakaa.

"Ulikuja nyumba hii una miaka ishirini na sita. Mifupa mitupu. Nani alikulisha?"

"Wewe, Mam."

"Ulipougua mapafu, nani alikuja kukaa na wewe?"

"Wewe na Nesta."

"Na nani alikufukuza?"

"Hakuna aliyenifukuza."

"Basi ulikwenda wapi?"

Heledd alijaribu kueleza. Alisema kuhusu siku ya maziko, na yale maneno mbele ya ukoo, na jinsi alivyoogopa kumvunja moyo mtu aliyemlea. Alisema hakupanga kumpenda Tudur. Alisema kama kuna wa kulaumiwa ni yeye, si Tudur.

"Nilisema, ndiyo," Morfydd alimkatiza. "Nilikuwa nimemzika mwanangu asubuhi. Mlitaka mchana niseme maneno ya akili? Mngeniambia, ningekasirika. Ningewanunia mwezi mzima, pengine miwili. Mimi kununa ninakuweza. Lakini mtu akikasirika si hupoa?" Aligonga fimbo sakafuni. "Mkanipa ukimya. Nikadhani ulikuwa ukija kwa ajili ya Nesta tu, na huzuni yake ilipokwisha, mimi sikuwa mtu wa kutembelewa. Miaka mitatu, kila Jumapili, ninasikia geti la jirani nadhani ni wewe. Binti mmoja alichukuliwa na ugonjwa. Wa pili nikaambiwa ana kazi nyingi chuoni."

Heledd aliteleza kutoka kitini akapiga magoti, akaweka kichwa kwenye mapaja ya bibi yule, akalia kama hakuwahi kulia tangu maziko. Morfydd hakumbembeleza kwa maneno. Alimwekea mkono kichwani, mzito, akauacha hapo.

"Mbele ya watu kumi na watano," bibi alisema hatimaye, kama anayejisemea. "Mwuza nyama ameniambia ulisimama wima."

Walipoinua macho, Tudur alikuwa mlangoni. Hawakujua amesimama pale tangu lini. Alikuwa amenyoa. Morfydd alijiinua kwa fimbo yake, akasema anakwenda kuangalia chungu, na alipompita Tudur alimgonga kifuani kwa kidole kimoja, bila neno.

Wakabaki wawili. Heledd alisimama, akijifuta uso kwa kiganja.

"Nimepata kazi," Tudur alisema. "Kaskazini. Kukagua vifusi vya machimbo ya zamani, visije vikaporomokea nyumba za watu. Ni karibu na kwenu. Nitaanza Januari."

"Ni mbali."

"Saa tatu kwa gari, barabara ikiwa kavu."

"Haijawahi kuwa kavu."

Tudur alikaribia kutabasamu. Kisha uso ukarudi ulivyokuwa. "Nilijaribu kukuandikia barua ya kukulaumu. Nimeianza mara nne. Kila nikifika kwenye lile kosa ulilofanya, kalamu inasimama, kwa sababu sioni jina la kuliita. Lakini hilo halijaniondolea hasira, Heledd. Nikiingia chumba kile nikaona maboksi, ninakukasirikia upya."

"Najua."

"Huenda itachukua muda."

"Usinifiche hasira hiyo," Heledd alisema. Macho hakuyaondoa usoni mwake. "Nenda nayo huko kaskazini, na Ijumaa ukirudi, rudi nayo hapa. Uniambie usoni. Nitakaa nikusikilize, kila Ijumaa, mpaka iishe. Ila kujificha mimi sitaweza tena, hata siku moja."

Tudur alimtazama namna alivyokuwa akimtazama zamani, kabla ya kura na maboksi, ila sasa mlango wa sebule ulikuwa wazi na taa imewashwa, na yeyote apitaye barabarani angeweza kuwaona. Alisogea hatua moja. Akamshika mkono, akaukaza, na hakuutazama mlango.

Huko jikoni Morfydd alikuwa akifungua kabati. Sauti yake ikaja, kavu vilevile, ikiuliza atoe sahani ngapi, maana hawezi kusimama pale mpaka kiama.

Tudur aligeuza uso kuelekea jikoni.

"Tatu, Mam," alisema.